Kisiwa cha Saba Chatafutiwa Jina

Ipo nchi moja, na mpaka leo ingalipo, kwa sababu wenye nayo hawajampata mnunuzi. Jina lake tuliache hapo lilipolala, lisije likaamka.

Nchi hiyo ilikuwa na visiwa sita. Hili halikuwa siri. Watoto waliviimba shuleni, mabaharia walivizunguka, na visiwa vyenyewe, mtu akivihesabu bila haraka, vilikuwa sita. Mambo yaligeuka siku Mtukufu Kiongozi aliposimama mbele ya wageni wa mataifa, akaweka mkono juu ya tumbo, akasema kwa sauti yake nzito, "Nchi yangu ina visiwa saba."

Wageni wakapiga makofi. Wasaidizi wakatazamana. Nani amwambie? Katika miaka ishirini na sita ya kutawala, Mtukufu hakuwahi kukosea. Siku alipojikwaa kwenye ngazi za ikulu, ngazi ndizo zilizofukuzwa kazi. Basi na safari hii ilibidi mkosaji atafutwe, na mkosaji akawa bahari. Kabla wageni hawajamaliza chai, Wizara ya Majina na Mipaka ilikwishatoa waraka: visiwa ni saba, na vimekuwa saba tangu enzi za mababu. Walimu waliokuwa wakifundisha sita waliitwa waombe radhi. Mmoja aliyebisha aliambiwa akavihesabu mwenyewe, kwa kuogelea.

Na kwa kuwa serikali hiyo haikubagua kisiwa hata kimoja, hicho cha saba nacho kilipangiwa watumishi wake: koplo wa polisi, mwalimu mkuu, bwana shamba na nesi.

Nesi huyo walimtoa Rasini.

*

Rasini ni ulimi wa ardhi ulioingia baharini. Umeshikwa na bara kwa shingo nyembamba ya mchanga, ambapo punda wawili wakipishana mmoja hulowa miguu. Watu wake ni wavuna chumvi. Huingiza maji ya bahari kwenye mashamba yao, jua likafanya kazi, wao wakakwangua. Hawana makuu. Walikuwa na zahanati moja yenye kitanda kimoja, na nesi mmoja, Leokadia, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua kunong'ona.

Vuai Machano alikuwa mmoja wa wavuna chumvi hao, mgane wa mwaka wa pili. Mkewe alianguka jikoni kwa presha, siku ambayo Leokadia alikuwa ameitwa mjini, kwa lazima, kwenye semina ya siku tano ya kupunguza utoro wa manesi. Leokadia aliporudi na cheti chake cha kuhudhuria, alikuta matanga yamekwisha na sufuria zimerudishwa kwa wenyewe.

Tangu hapo Vuai alikuwa na ugomvi mkubwa na serikali, ila serikali haikuwa na habari. Alikuwa akiitukana asubuhi anapokwenda shambani, akaitukana na jioni anapomenya muhogo. Hakumlaumu nesi hata siku moja. Nesi hakujiita mwenyewe.

Sasa bintiye Mize alikuwa na mimba ya miezi minane. Hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilimfikisha Mize kwenye ukingo wa kaburi, na mtoto hakubaki. Leokadia ndiye aliyemvuta mama mtu akarudi, akamwambia siku ile ile, "Sikiliza wewe. Wa pili usithubutu kumzaa bila mimi." Kisha Leokadia akahamishiwa kisiwa cha saba, na zahanati ikafungwa kwa kufuli la serikali.

"Baba," alisema Mize, akiwa ameegemea mlango kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, "hicho kisiwa kiko wapi?"

"Hakipo."

"Sasa nesi yuko wapi?"

Vuai akapanda lori la chumvi, akaenda mjini kuuliza.

*

"Namtafuta nesi Leokadia," alimwambia mtu wa mapokezi pale Wizara ya Majina na Mipaka.

"Yuko kisiwani."

"Kisiwa gani?"

"Cha saba."

"Nitafikaje?"

"Panda ngazi, geuka kushoto, chumba namba kumi na nne. Gonga."

Vuai akapanda, akageuka, akagonga. Mlango ulifunguliwa na koplo mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama.

"Karibu kisiwani. Una kibali cha kuvuka?"

Ndani palikuwa na madawati manne na dirisha moja. Mwalimu mkuu alikuwa na kengele, akiipiga kila saa kwa ajili ya wanafunzi watakaokuwapo. Bwana shamba alikuwa amepanda mchicha kwenye kopo la maziwa, na taarifa yake ya robo mwaka ilisema kilimo kisiwani kimeshika kasi. Walikuwa wameishi humo mwaka mzima, saa mbili asubuhi hadi tisa na nusu, mpaka wamekuwa watu wa visiwani kweli. Korido waliiita bara. "Navuka bara mara moja kunywa chai," mmoja angesema, na wenzake wakamwombea safari njema.

Leokadia alikuwa amekaa kwenye kona, mikono mapajani. Alimwona Vuai akasimama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mize kafikisha minane."

"Anavimba miguu?"

"Anavimba."

"Na uso?"

"Na uso."

Leokadia akashika shavu. "Mzee, huyo asizalie nyumbani. Yule wa kwanza ulimwona mwenyewe."

"Ndiyo nimekufuata. Chukua mkoba wako, lori linangoja."

"Nikiondoka bila barua wananifuta kazi, na kule zahanati kuna kufuli lao. Nimeomba kurudi Rasini, nimeomba mara tisa. Tazama." Akatoa karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine: *Anahamishwa kutoka Kisiwa cha*, kisha mstari mrefu wa nukta, *kwenda Rasini.* "Wanasema hawawezi kugonga muhuri juu ya nukta. Kisiwa kikipata jina, narudi siku hiyo hiyo."

"Na jina linapatikana lini?"

Koplo, mwalimu mkuu na bwana shamba wakacheka mpaka mchicha ukatikisika.

"Kamati ya Jina," alisema Leokadia, "inakaa chumba cha pili. Leo ni kikao cha arobaini na saba."

*

Vuai alikuwa anatokea koridoni, yaani bara, alipokamatwa mkono na karani mwembamba.

"Samahani. Wewe ni mwananchi wa kawaida?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Huna cheo? Huna ndugu mwenye cheo?"

"Nina mbuzi."

"Ingia, ingia haraka, akidi imepungua!"

Kumbe sheria iliitaka Kamati iwe na mwananchi mmoja wa kawaida. Aliyekuwapo mwanzo alizoea viti vya kamati, akaanza kukohoa kabla ya kusema, akatafuta na dereva, basi ukawaida ukamtoka. Vuai akaketishwa kwenye kiti kinachozunguka. Alishika meza kwa mikono miwili asije akageukia ukuta.

Mwenyekiti alikuwa Waziri Bakamili mwenyewe, mtu mnene aliyesema kila neno kana kwamba linapigwa picha. Kuliani kwake alikaa Profesa Lukanda, aliyesomea majina ng'ambo kwa miaka kumi na moja.

"Ndugu wajumbe," alianza Waziri, "kikao kilichopita tulikubaliana kwa kauli moja kwamba kisiwa kiitwe kwa jina la Mtukufu."

Makofi. Karani akainua kidole.

"Mheshimiwa, kumbukumbu zinaonyesha kuna mjumbe aliuliza: kitu kisichoonekana kikiitwa kwa jina la Mtukufu, watu watasemaje juu ya Mtukufu?"

Makofi yakafa. "Nani aliuliza?"

"Hakuandikwa, Mheshimiwa."

"Huyo ana busara mara mbili. Kauliza, na hakuandikwa. Futeni. Profesa?"

"Kitaalamu," alisema Profesa, "tunaweza kutumia jina lako, Mheshimiwa."

Waziri aliruka kama aliyekalia mwiba. "Lukanda, nimekukosea nini? Waziri aliyenitangulia alikipa kilima jina lake. Kilima kipo. Yeye yuko wapi?"

Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeonyesha kuwa hajui.

"Kisiwa cha Subira," alisema mjumbe mmoja.

"Subira maana yake kuna kitu hakijaja. Mtukufu kesha kuleta kila kitu."

"Kisiwa cha Shukrani."

"Tumeshaipa daraja."

"Kisiwa cha Amani."

"Hilo ni gereza."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikaletwa, ikanyweka, vikombe vikaondolewa. Vuai aliwaza miguu ya Mize iliyovimba kama mikate ya kumimina. Mwishowe kitu kikakatika ndani yake.

"Waheshimiwa! Kiiteni hata Sufuria, mradi nesi wetu arudi!"

Karani aliuma kalamu. "Niandike, Mheshimiwa?"

"Sufuria inaashiria njaa," alisema Waziri. "Usiandike."

"Kwetu Rasini," Vuai alisema, na sasa alikuwa amesimama, na kiti chake kilikuwa kinazunguka peke yake, "mtoto hapewi jina akiwa tumboni. Anazaliwa, analala ndani siku saba. Siku ya saba mkunga anamtoa nje, watu wanamwona, ana pua, ana masikio, ndipo anaitwa fulani. Ninyi mwaka wa pili huu mnagombania jina la mtoto ambaye hata mimba yake haina mwenyewe. Mtoeni kwanza nje tumwone!"

Akakaa, akingoja kukamatwa.

Badala yake Waziri Bakamili alitoa leso akajifuta macho. Kwa mwaka mzima alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, sababu nzuri ya kuahirisha, na sasa mtu wa chumvi amemletea kwenye sinia. "Hiyo, ndugu wajumbe, ndiyo hekima ya umma. Karani, andika: Kamati imeazimia kwamba kisiwa hakitapewa jina kabla ya kutolewa nje kimila. Tarehe itatajwa." Maana yake, kwa lugha ya nchi ile, kamwe.

Ingeishia hapo. Lakini kumbukumbu za kikao zilipanda mpaka ikulu, na Mtukufu alikuwa mpenzi mkubwa wa mila, hasa zile zenye ngoma. Kesho yake karatasi ilirudi, na pembeni imeandikwa kwa wino mwekundu: *Safi sana. Nitakuja Jumamosi kukiona na kukipa jina mwenyewe.*

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

*

Waziri alimwita Vuai ofisini, akamfungia mlango.

"Mzee wangu. Hiyo Rasini yako, ni kisiwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Imeshikana na bara."

"Imeshikanaje?"

"Pana shingo."

"Shingo," alisema Waziri polepole, na rangi ikaanza kumrudia usoni. "Serikali hii ina uzoefu na shingo."

Vuai alielewa papo hapo. Alifungua mdomo abishe.

"Watumishi wote wa kisiwa," aliongeza Waziri, "watahamia huko Jumamosi. Pamoja na nesi."

Vuai akamkumbuka Mize. Mdomo ukajifunga wenyewe. Alirudi kijijini na lori lile lile, na alipovuka shingo ya mchanga hakuitazama, kama mtu anayempita mdai wake msikitini.

Jumatatu matingatinga matatu yakaja. Yalichimba mchana, yakachimba na jua likizama, na Ijumaa bahari ya mashariki ikapeana mkono na bahari ya magharibi. Lori la mwisho la chumvi lilibaki upande wa pili, dereva amejishika kichwa.

Bi Hidaya, mama mkwe wa Mize, alimkuta Vuai amesimama kwenye ukingo. Huyu mama alikuwa na ulimi ambao ungeweza kukwangua chumvi bila jembe.

"Bwana Vuai we! Tulikutuma nesi, umetuletea bahari!"

"Nesi anakuja kesho."

"Anakuja na nini, na pezi? Na chumvi yetu itatoka vipi? Tuirushe?"

"Serikali imesema italeta boti."

"Tobaa! Serikali imesema! Wewe ndiye uliyekuwa unaitukana mpaka muhogo unaungua, leo ndiyo imekuwa shangazi yako?"

Watu waliokuwa wakimsalimia Vuai sasa walisalimia mbuzi wake. Mhandisi wa matingatinga ndiye pekee aliyemchekea, na Vuai, kwa kuwa ni mtu wa pale, akamwambia, "Kijana, mchanga wa hapa haukai ulipowekwa."

"Mchanga utafuata maelekezo," alisema mhandisi.

Mkuu wa wilaya naye alikuja, akawakusanya wanakijiji akawafundisha namna ya kuonekana watu wa kisiwani. "Mtazame mbali," aliwaambia. "Mtu wa kisiwani hutazama mbali. Wewe mama, mbali zaidi. Na mkiulizwa bara ni wapi, msionyeshe pale kwa kidole, semeni ni safari."

*

Mize alianza uchungu Jumamosi alfajiri.

Saa mbili boti ya serikali ilitia nanga kwenye gati jipya la mbao, wakashuka koplo, mwalimu mkuu na kengele yake, bwana shamba na kopo lake la mchicha, na Leokadia. Wakapangwa mstari mbele ya zahanati, kwenye zulia jekundu. Kufuli lilikuwa limeondolewa kwa ajili ya picha, na Bi Hidaya, aliyejua kuona nafasi, alikwishamwingiza Mize ndani kwa mlango wa nyuma akamlaza kitandani.

Vuai alijipenyeza mpaka kwenye mstari. "Mwanangu, keshaanza."

Leokadia akatoa mguu nje ya zulia. Waziri Bakamili akasimama mbele yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kuzalisha."

"Wapi?"

"Hapa, zahanati."

"Zahanati ya wapi?"

Leokadia akautazama mlango.

"Unaona sasa? Kisiwa hakina jina, kwa hiyo hapa si mahali. Ukizalisha mahali ambapo si mahali, mtoto tutamwandika kazaliwa wapi? Kazi inaanza baada ya jina. Rudi mstarini, ama barua yako ya kazi niichane sasa hivi."

"Na jina linatoka saa ngapi?" aliuliza Vuai.

"Baada ya hotuba."

"Hotuba ndefu?"

"Kurasa arobaini na moja. Na Mtukufu hupenda kuzirudia zile nzuri."

Ndani ya zahanati Mize alipiga kelele. Mkuu wa bendi aliashiria tarumbeta, kelele zikafunikwa.

Helikopta ikatua. Mtukufu Kiongozi akashuka, akatazama bahari kulia, akatazama bahari kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyekuta nyumbani wamepika alichoagiza. Watu wakatazama mbali, kama walivyofundishwa. Ratiba ilisema mwananchi wa kawaida alete sinia la mchanga wa kisiwa, limefunikwa kitambaa cheupe, alishike wakati wa hotuba. Vuai akalileta, akasimama mbele ya mtu ambaye jina lake alilimenya pamoja na muhogo kwa miaka miwili.

Karibu karibu, Mtukufu alikuwa mzee tu. Alikuwa na ukucha mmoja mrefu, na alinukia karafuu.

"Wewe ndiye mwenye mila?"

"Ndimi, Mtukufu."

"Haya niambie, tunaanzaje?"

Waziri alikwishashika kurasa arobaini na moja. Tarumbeta zilinyamaza kidogo zikavuta pumzi, na katika pengo lile Vuai akasikia sauti ya Mize, na haikuwa kelele tena. Ilikuwa mlio mdogo wa mtu anayechoka.

Vuai hakuwahi kumdanganya mkubwa. Si kwa uaminifu, ila hawakuwahi kumpa nafasi.

"Mila haianzi kwa hotuba, Mtukufu. Inaanza kwa mkunga. Mkunga anaingia ndani peke yake, na mpaka atoke, hakuna anayesema neno. Wala tarumbeta."

"Hiyo haimo kwenye ratiba!" alisema Waziri.

Mtukufu alimgeukia taratibu. "Bakamili. Unataka kunifundisha mila za watu wangu?"

"La hasha, Mtukufu."

"Mkunga yuko wapi?"

"Yule pale," alisema Vuai, "kati ya koplo na mwalimu mkuu."

"Aingie."

Leokadia alikwishafika mlangoni kabla neno halijamtoka Mtukufu vizuri.

*

Basi nchi ikanyamaza.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali nzima kufunga mdomo kwa pamoja, na kunguru walishuka kwenye paa waone kuna msiba gani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mawaziri waliokuwa na suti nzito walianza kuyeyuka ndani kwa ndani. Profesa Lukanda aliketi chini taratibu, kisha akalala, na kwa kuwa hakusema neno hakuna aliyemlaumu. Mtukufu alikaa chini ya mwavuli wake, mikono kwenye fimbo, macho kwenye mlango. Alikuwa anafurahi, yule. Miaka mingi hakuna aliyemfanya angoje kitu, alikuwa amesahau kungoja kunavyokuwa.

Vuai alishika sinia. Mchanga ni mzito, na yeye si kijana. Hata hivyo hakuliweka chini. Alisikia kila kitu kilichotoka ndani: maji yakimiminwa, Leokadia akisema, "Bado, mama, bado, nitazame mimi," Bi Hidaya akiomba dua na kutukana kwa pumzi moja. Kisha hakusikia kitu.

Kimya kile alikijua. Alikisikia jikoni kwake mwaka juzi.

Halafu likaja kofi dogo, na baada ya kofi sauti mpya kabisa, yenye hasira, kama ya mtu aliyeamshwa akiwa kwenye usingizi mtamu. Bi Hidaya alipiga kigelegele kilichopasua mila yote ya Vuai vipande viwili.

Leokadia akatoka, mikono imelowa mpaka viwikoni.

"Mama mzima. Wa kike. Alijifunga kitovu shingoni, mbishi huyo, lakini tumeelewana."

Sinia likamponyoka Vuai. Mchanga wa kisiwa ukamwagika kwenye viatu vya Waziri.

Mtukufu alisimama. "Kumbe kuna mtoto wa kweli?"

"Yupo, Mtukufu," alisema Vuai. Hakuwa na nguvu za uongo mwingine.

"Mleteni nimpe jina yeye kwanza."

Waziri alipiga makofi peke yake. Wanakijiji walimtazama Vuai, na kwa mara ya kwanza wiki ile hawakutazama mbali.

"Hatoki, Mtukufu. Mpaka siku ya saba."

"Hata kwangu?"

Hapo koplo alianza kutafuta pingu, ili aonekane alikuwa tayari.

"Hata kwako."

"Kwa nini siku saba, wewe mzee? Kwani jina linaoza?"

"Kwa sababu wengine hawabaki," alisema Vuai. "Zahanati ikiwa na mtu, wanabaki. Ikiwa haina, wanaondoka. Sasa tukigawa majina siku ya kwanza, Mtukufu, tutajaza kijiji majina yasiyo na watu. Tunangoja tuone."

Upepo ulivuma ukageuza kurasa za hotuba. Mtukufu alimtazama Vuai kwa muda mrefu, na Waziri Bakamili alianza kimoyomoyo kuyapitia magereza kwa majina yake. Kisha Mtukufu akacheka.

"Haya! Kama mtu wa chumvi ana subira ya siku saba kwa mjukuu, mimi nitashindwaje kwa kisiwa changu? Nacho kilale ndani siku saba. Tuone kama kitabaki. Na watumishi wake wakae kazini wakiangalie."

Makofi hayo yalisikika mpaka bara. Karani aliyaandika maneno yale, na Jumatatu yalikwishachapwa kwenye khanga. Mtukufu akaruka na helikopta yake, kofia za wakubwa zikamfuata angani.

*

Jumatano mwezi ukaandama, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likaingia.

Bahari ya Rasini ina tabia yake: inachokula upande mmoja hukitapika upande wa pili. Ilikula kingo za mfereji siku nzima, ikala na kesho yake. Ijumaa mfereji ulikuwa dimbwi. Jumamosi, siku ya saba, punda walivuka kwa miguu mikavu, na dereva wa lori akapita juu ya kazi ya matingatinga matatu akipiga honi. Gati jipya lilisimama juu ya mchanga mtupu, mbuzi wa Vuai wakilala kivulini mwake.

Asubuhi hiyo Leokadia alimtoa mtoto nje. Alikuwa na pua, alikuwa na masikio, na alikuwa amebaki. Vuai alitaka aitwe kwa jina la marehemu mkewe, bibi wa mtoto. Bi Hidaya alitaka Siwema, na kwa kuwa Bi Hidaya ndiye aliyekuwa amempakata, mtoto akawa Siwema. Vuai hakubisha. Alikuwa ametoka kwenye kamati, alijua jinsi watu wazima wanavyokuwa wakianza kugombania jina.

Adhuhuri redio ikatangaza kwa sauti ya chini kwamba Kisiwa cha Saba hakikubaki. Taifa likapewa siku tatu za kuomboleza. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, mpaka ile ya zahanati, na Waziri Bakamili alilia redioni kwa dakika nne. Vuai alisikiliza mpaka mwisho. Mkewe yeye hawakumshushia hata leso.

Kesho yake ukaja waraka: watumishi wa marehemu kisiwa warejee chumba namba kumi na nne mara moja. Na kwa kuwa watumishi wa visiwani husafiri kwa boti ya serikali tu, watachukuliwa kwenye gati.

Boti ikaja. Ilisimama mbali kwenye maji, nahodha wake akapaza sauti.

"Nimeandikiwa gati! Gati liko wapi?"

"Hilo hapo, kwenye mbuzi!" alijibu koplo.

"Siwezi kupanda nchi kavu!"

"Shukia ufukweni basi!"

"Sikuandikiwa ufukwe!"

Boti ikageuka, na nahodha akaandika kuwa watumishi wako njiani. Koplo, mwalimu mkuu na bwana shamba walikaa mpaka saa nne, wakakumbuka chai yao ya bara, wakaondoka kwa miguu.

Leokadia alibaki. Alipanguza kitanda, akafungua dirisha. Nje ya mlango wanawake watatu walikuwa wamekwishapanga foleni, na mmoja amevimba miguu.

"Wewe huondoki?" Vuai alimuuliza.

"Mimi naheshimu waraka, mzee wangu. Waraka umesema boti. Nangoja boti."

"Na wakikumbuka? Wakija kuchimba tena?"

"Wachimbe," alisema Leokadia, akipaka mikono sabuni. "Wanachukua siku tano. Siku tano kwangu ni watoto wawili." Kisha akageukia mlango, akapaza sauti ile isiyojua kunong'ona.

"Anayefuata!"